Kuhesabu machungwa ya Muheza kwa picha ya simu: mwongozo wa OpenCV na wenzake kwa anayeanza

Hii ni kwa mtu anayejua Python kidogo tu, kiasi cha kuandika luupu bila kuchungulia, na ana laptopu ya kawaida pamoja na simu yenye kamera. Tutatengeneza kitu kimoja: skripti inayohesabu machungwa kwenye picha. Kwa nini machungwa, kwa sababu tupo Tanga na Muheza ipo hapo tu njia ya Segera, msimu ukikolea unayakuta kila kona ya mji, na kuyahesabu ni kazi ya kuchosha kweli, mtu anainama anayatupia kwenye tenga matano matano mdomo unahesabu, akiitwa na mtu katikati ashasahau alifika mia ngapi. Halafu machungwa yetu yana tabia moja inayofundisha vizuri sana kuliko picha za majaribio zinazokuja na laibrari, nitaieleza tukifika kwenye rangi.

Na niseme mapema kabisa msimamo wangu ili tusije kugombana huko mbele: usianze na modeli kubwa za AI. Vijana wengi hapa mjini wakisikia habari za kompyuta kuona, wanakimbilia kudaunlodi magigabaiti, bando linakata, laptopu inapata moto kama pasi, na mwisho wa siku hawajahesabu hata chungwa moja. Turubai la bluu na laibrari mbili ndogo vitakufikisha mbali kuliko unavyodhani.

Laibrari zenyewe, nani ni nani

OpenCV ndo mkubwa wa ukoo. Ilianzia Intel mwaka 1999, aliyeianzisha ni Gary Bradski, ikatolewa hadharani kwa mara ya kwanza mwaka 2000 na toleo la 1.0 likaja 2006. Ndani imeandikwa kwa C++ ndo maana ina kasi, sisi tunaigusa kwa juu kwa Python. Kusoma picha, kubadili rangi, kusafisha, kutafuta kingo, video, kamera, vyote vimo, yaani ukiweza hii moja umeweza nusu ya safari.

scikit-image ni ya Python na imetulia zaidi, majina ya fanksheni zake yanaeleweka na maelezo yake yameandikwa kwa adabu. Mi naichanganya na OpenCV bila shida kwa sababu zote mbili zinaiona picha kama jedwali la namba za NumPy (laibrari ya Python ya mahesabu), kwa hiyo kitu kikitoka huku kinaingia kule moja kwa moja. Pillow ni ya kukata, kuzungusha na kupunguza ukubwa wa picha, usiitegemee kwa kuona. MediaPipe ya Google imeshapikwa tayari kwa ajili ya mikono, uso na mkao wa mwili. Tesseract inasoma maandishi kwenye picha, ilizaliwa kampuni ya HP miaka ya 80 ikafanywa huria 2005, hiyo itakufaa siku ukitaka kusoma risiti. PyTorch pamoja na torchvision yake, za kufundishia modeli, na YOLO, modeli ya kutambua vitu kwenye picha, hao ndo wale wazito, tutawafikia mwishoni kwa kifupi.

Sasa kuhusu leseni, na hapa usiruke maana kuna watu wanajenga biashara nzima juu ya kitu ambacho hawajasoma masharti yake. Chanzo huria haimaanishi chukua ufanye utakavyo. OpenCV kuanzia toleo la 4.5.0 ipo chini ya leseni ya Apache 2, kabla ya hapo ilikuwa BSD, zote mbili ni laini: tumia, badilisha, uza, ila taarifa ya leseni na majina ya wenye haki yabaki. scikit-image nayo ni BSD. Lakini YOLO ya kampuni ya Ultralytics, ambayo ndo kila mtu anaikimbilia, ni AGPL-3.0, na hiyo ina meno. Ukitengeneza programu ukaiweka mtandaoni watu waitumie, unadaiwa na wewe kufungua chanzo chako chote chini ya leseni hiyohiyo, la hutaki, ununue leseni yao ya biashara. Kwa kujifunza nyumbani haina neno. Kwa mradi wa mteja soma kwanza, afu ndo upige bei.

Kuna lingine watu hawalijui, leseni ya programu na hataza (patent, haki ya mvumbuzi kuzuia wengine wasitumie mbinu yake) ni vitu viwili. SIFT, njia maarufu ya kutafuta alama kwenye picha, chanzo chake kilikuwepo miaka yote lakini mbinu yenyewe ilikuwa na hataza Marekani mpaka Machi 2020, ilipoisha ndo OpenCV wakaihamishia kwenye kifurushi kikuu, toleo la 4.4.0. Kwa hiyo ukikutana na mafunzo ya zamani yanakwambia uinstoo kifurushi cha ziada ili upate SIFT, achana nayo, siku hizi imo.

Hatua ya 1: kuinstoo bila kumaliza bando

Ukiinstoo Python kwenye Windows, pale mwanzo kabisa kuna kiboksi cha kuongeza Python kwenye PATH, kiweke tiki. Asilimia kubwa ya wanaokuja kusema "amri ya python haitambuliki" hawakukiona hicho. Baada ya hapo fungua dirisha la amri uandike:

python -m venv machungwa
machungwa\Scripts\activate
pip install opencv-python scikit-image

Mstari wa kwanza unatengeneza chumba chake peke yake ili laibrari za mradi huu zisigombane na za mradi mwingine. Kwenye Linux mstari wa pili unakuwa source machungwa/bin/activate. Jina la kuinstoo ni opencv-python lakini ndani ya skripti utaiita cv2, usiulize sana, ni historia tu. Na usiinstoo opencv-python na opencv-contrib-python kwa pamoja kwenye chumba kimoja, zote zinaweka vitu vyake sehemu ileile, zinakanyagana.

Hivi vifurushi vina uzito wa makumi ya megabaiti, sio vya kutisha, ila kama mpo kikundi hakuna haja kila mtu achome bando lake. Mmoja adaunlodi kwa wote:

pip download opencv-python scikit-image -d mzigo

Foda la mzigo linaingia kwenye flashi, linazunguka, na kila mtu anainstoo bila intaneti kabisa:

pip install --no-index --find-links mzigo opencv-python scikit-image

Sharti ni kwamba mashine ziwe na mfumo unaofanana na toleo la Python linalofanana, ukidaunlodi kwenye Windows usitegemee ifanye kazi kwenye Linux ya mwenzio.

Asiye na laptopu atumie Google Colab kwenye brauza, OpenCV imo tayari kule. Tofauti moja tu, cv2.imshow, fanksheni ya kuonyesha picha, haifanyi kazi kwenye Colab kwa sababu hakuna dirisha la kufungua, wao wana yao inaitwa cv2_imshow, unaichukua kwenye google.colab.patches.

Hatua ya 2: picha, na hapa tukae kidogo

Kazi ya kuona inaharibikia hapa kabla hata ya skripti kuandikwa, na watu wanakuja kuilaumu laibrari. Ukipiga picha ya tenga lililojaa, jua kuwa hakuna programu duniani itakayohesabu machungwa ya chini ambayo hata wewe huyaoni, hiyo sio hesabu tena, ni ramli. Yamwage yawe tabaka moja. Yakigusana sawa, yakipandana hapana.

Chini yake tandika turubai la bluu, yale yale ya kawaida yanayofunikia mizigo. Bluu ni ya makusudi. Chungwa linaweza kuwa kijani, njano, rangi ya chungwa, lina madoa ya kahawia, lakini halitakuwa bluu hata siku moja, na jani halitakuwa bluu, wala udongo. Kwa hiyo badala ya kuifundisha kompyuta chungwa linafananaje, kitu ambacho ni kigumu, tunaifundisha turubai linafananaje, na chochote ambacho sio turubai ndo mzigo wetu.

Simu iwe juu inatazama chini wima. Ukipiga kwa kuinama pembeni, machungwa ya mbali yanatoka madogo na ya karibu makubwa, na hesabu yetu huko mbele inategemea yasipishane sana ukubwa. Simama kwenye kiti, au pandisha simu kwenye fimbo. Picha nzima iwe turubai tu, miguu yako isiwemo, sakafu isiwemo, maana navyo sio bluu na vitahesabiwa. Zikiingia kata kwanza kwenye simu.

Mwanga sasa. Jua la saa sita linatengeneza vivuli vikali na turubai linang'aa, ule mng'ao kwenye kamera unakuwa mweupe, haumo tena kwenye bluu, skripti itauona ni chungwa. Turubai likiwa limelowa ndo balaa zaidi. Piga kivulini, chini ya mwembe sawa lakini angalia usipate yale madoa ya jua yanayopenya kwenye majani, au subiri wingu. Flashi ya simu izime.

Na usihamishe picha kwa WhatsApp kama picha, inazibana sana, zitume kama faili la dokumenti au tumia waya.

Ukienda kupiga sokoni, Mgandini au Makorora, salimia kwanza, omba. "Shikamoo mama, naomba nipige picha machungwa yako, najifunzia kompyuta." Atakujibu "marahaba mwanangu, piga, ila mimi usinitoe sura." Na ana haki yake, mbali ya adabu kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, sura ya mtu ni taarifa yake. Elekeza kamera chini kwenye machungwa, basi.

Hatua ya 3: kuisoma picha

import cv2
from skimage.feature import peak_local_max

picha = cv2.imread("turubai1.jpg")
if picha is None:
    raise SystemExit("picha haijaonekana, angalia jina la faili")

uwiano = 1200 / picha.shape[1]
picha = cv2.resize(picha, None, fx=uwiano, fy=uwiano, interpolation=cv2.INTER_AREA)

Ile mistari ya if usiifute. OpenCV ina tabia mbaya moja, ukiipa jina la faili ambalo halipo haipigi kelele, inakurudishia None kimyakimya, afu mistari michache mbele ndo inalipuka na ujumbe wa kutisha wenye maneno kama 'NoneType' object has no attribute 'shape', au !_src.empty(). Ukiuona ujumbe wa aina hiyo jua karibu kila mara maana yake ni moja, picha haikusomwa. Mara nyingi ni jina limekosewa, au faili linaitwa turubai1.jpg.jpg kwa sababu Windows imeficha herufi za mwisho, au umeweka njia yenye mistari ya kurudi nyuma kama C:\picha\turubai1.jpg na Python ikaichukulia \t kuwa alama maalumu, hapo tumia mistari ya mbele, C:/picha/turubai1.jpg, inakubali vizuri tu.

Kupunguza upana hadi pikseli 1200 kunasaidia mambo mawili, kasi, na namba tutakazochagua zitafaa picha zote hata zikitoka kwenye simu tofauti, mradi umepiga kutoka kimo kilekile.

Kitu kingine cha kukumbuka, OpenCV inapanga rangi kwa mpangilio wa bluu, kijani, nyekundu, wakati karibu dunia nzima inaanza na nyekundu. Ukiionyesha picha kwa matplotlib, laibrari ya kuchora grafu, machungwa yaliyoiva yatageuka ya bluubluu na turubai litakuwa la rangi ya udongo. Hujaharibu kitu, badilisha mpangilio kwa cv2.cvtColor na COLOR_BGR2RGB.

Hatua ya 4: rangi

Ile tabia ya machungwa yetu niliyosema ndo hii. Ukifuata mafunzo ya nje yanakwambia tafuta rangi ya chungwa, weka kipimo kuanzia hapa mpaka hapa, utapata machungwa. Ukijaribu na ya Muheza unapata machache tu au hupati kitu. Kwa sababu chungwa la ukanda wa joto linaiva likiwa kijani. Ngozi inageuka rangi ikipata usiku wa baridi, kwenye nchi zenye baridi ndo yanakuwa vile ya kwenye picha za juisi, huku kwetu usiku ni joto kwa hiyo unakuta chungwa la kijani kabisa, limeiva, tamu, linachuruzika. Anayenunua Tanga anajua. Kompyuta iliyofundishwa kwingine haijui. Na kwenye turubai moja utakuta kijani, njano na mchanganyiko, na katikati kuna majani ya kijani kilekile. Ndo maana tunakamata bluu.

hsv = cv2.cvtColor(picha, cv2.COLOR_BGR2HSV)
bluu = cv2.inRange(hsv, (95, 70, 30), (130, 255, 255))
vitu = cv2.bitwise_not(bluu)

HSV ni namna nyingine ya kuandika rangi kwa namba tatu, ya kwanza ni aina ya rangi yenyewe, ya pili ukolevu, ya tatu mwangaza. Faida yake ni kwamba kivuli kikianguka kwenye turubai, aina ya rangi haibadiliki sana, kinachoshuka ni mwangaza, ndo maana mwangaza nimeuachia kuanzia 30, ili turubai lenye kivuli liendelee kuhesabika turubai. Ukolevu nimeanzia 70 ili vitu vyeupe na vya kijivu visijifanye bluu.

Angalizo: kwenye OpenCV namba ya aina ya rangi inaishia 179, sio 360 kama kwenye programu za kuchorea, waliigawa kwa mbili ili iingie kwenye baiti moja. Ukichukua namba kwenye programu nyingine igawe kwa mbili. Bluu ya kawaida inaangukia kati ya 100 na 130, lakini turubai limeshapigwa jua mwaka mzima litakuwa limepauka, kwa hiyo usizichukulie namba zangu kama msahafu. Chapisha thamani ya pikseli kadhaa za turubai lako, print(hsv[300, 400]) na nyingine za pembeni, uone zinacheza wapi, afu panua kidogo huku na huku.

Hifadhi hiyo vitu kama picha, cv2.imwrite("vitu.png", vitu), uifungue uitazame. Machungwa yawe meupe, turubai jeusi. Kama kuna mabaka meupe kwenye turubai, ni mng'ao, rudi hatua ya 2. Najua inakera kurudia picha lakini ni dakika tano, wakati kulitibu baka la mng'ao kwa skripti kunaweza kula jioni yako yote.

Usafishaji mdogo:

k = cv2.getStructuringElement(cv2.MORPH_ELLIPSE, (7, 7))
vitu = cv2.morphologyEx(vitu, cv2.MORPH_OPEN, k)
vitu = cv2.morphologyEx(vitu, cv2.MORPH_CLOSE, k)

Wa OPEN unafuta vidoa vidogo na vijiti, wa CLOSE unaziba vitundu ndani ya chungwa. Ukiongeza hiyo 7 ikawa 25 machungwa jirani yataungana, kwa hiyo taratibu.

Hatua ya 5: kuyatenganisha yanayogusana

Kama machungwa yote yangekaa mbalimbali tungehesabu mabaka meupe tukaondoka. Lakini yanagusana, na matatu yaliyogusana kwa kompyuta ni baka moja kubwa lenye umbo la ajabu. Wengi hapa wanaambiwa watumie HoughCircles, fanksheni ya kutafuta duara. Jaribu, haina ubaya, ila ina vigezo vingi vinavyogombana, ukishusha kimoja inaona duara hadi kwenye mikunjo ya turubai, ukipandisha inakosa machungwa halisi. Mi napendelea njia hii:

umbali = cv2.distanceTransform(vitu, cv2.DIST_L2, 5)
umbali = cv2.GaussianBlur(umbali, (0, 0), 3)
vilele = peak_local_max(umbali, min_distance=25, threshold_abs=12)
print(len(vilele))

Mstari wa kwanza unaipa kila pikseli nyeupe namba, ambayo ni umbali wake mpaka kwenye nyeusi iliyo karibu. Pikseli ya ukingoni mwa chungwa inapata 1 au 2, ya katikati kabisa inapata namba kubwa, sawasawa na nusu kipenyo cha chungwa. Machungwa mawili yakigusana, pale yanapogusana ni pembamba kwa hiyo namba zinashuka, afu zinapanda tena kwenye chungwa la pili. Unapata vilele viwili, na kuhesabu vilele ndo kuhesabu machungwa. Mstari wa pili unalainisha ili chungwa moja lenye kingo za kukwaruzika lisitoe vilele viwili.

Namba mbili za kuchagua. min_distance ni umbali wa chini unaoruhusiwa kati ya kilele na kilele, iweke karibu na nusu kipenyo cha chungwa dogo kuliko yote kwenye picha yako, kwa sababu machungwa mawili yanayogusana vitovu vyao vinapishana kwa kipenyo kizima, nusu yake ni salama. threshold_abs ni urefu wa chini wa kilele ili kihesabike, iweke kama nusu ya ile ya kwanza, itatupa majani na vikonyo kwa sababu jani ni jembamba, katikati yake haliwezi kufika namba kubwa. Kupata nusu kipenyo fungua picha iliyopunguzwa kwenye programu yoyote ya kuchorea, pima chungwa dogo lina pikseli ngapi, gawa kwa mbili, kwisha.

Machungwa yaliyobanana kabisa pembeni ya picha hayatahesabiwa, fanksheni inaruka ukingo kwa upana uleule wa min_distance, hivyo acha nafasi ya turubai tupu kuzunguka mzigo.

Hatua ya 6: usiiamini namba, angalia nukta

Skripti ikisema 143 na wewe kwa mkono ukapata 143 usishangilie bado. Inawezekana imeruka machungwa manne na ikahesabu majani manne. Namba moja peke yake inaficha makosa yanayofutana, kwa hiyo chora:

for y, x in vilele:
    cv2.circle(picha, (int(x), int(y)), 6, (0, 0, 255), -1)
cv2.imwrite("matokeo.jpg", picha)

Nukta nyekundu juu ya kila kilichohesabiwa. Tazama huo mpangilio wa y na x, ndo unaochanganya wengi, scikit-image inakurudishia mstari kwanza halafu safu, OpenCV ikichora inataka safu kwanza. Ukigeuza utaona nukta zimetawanyika sehemu zisizo na chungwa na utadhani hesabu nzima ni mbovu kumbe ni mchoro tu.

Pitia nukta kwa jicho. Chungwa lenye nukta mbili, ongeza min_distance. Machungwa mawili yenye nukta moja, punguza. Jani lenye nukta, pandisha threshold_abs. Ukisharekebisha kwa picha moja jaribu kwa picha nyingine ambazo hukuzitumia kurekebisha, za siku nyingine na mwanga mwingine, maana kurekebisha namba mpaka picha ileile ikubali sio kupima, ni kujidanganya. Na kama kuna hela ya mtu ndani yake, mwonyeshe picha yenye nukta pamoja na namba, mfanyabiashara wa Muheza hatakubali namba tupu kutoka kwenye laptopu, lakini nukta anaziona na anaweza kukubishia kwa hoja.

Ukitaka na kupanga madaraja ya ukubwa, weka karatasi ya A4 juu ya turubai, pembeni ya mzigo, urefu wake ni milimita 297 na upana 210, ukijua ni pikseli ngapi unajua pikseli moja ni milimita ngapi, na thamani ya umbali kwenye kilele, ile ya kabla ya mstari wa kulainisha, tayari ni nusu kipenyo. Karatasi nayo sio bluu, itahesabiwa, kwa hiyo ukishaipima ipakie rangi nyeusi kwenye ile picha ya nyeupe na nyeusi tuliyoiita vitu.

Hatua ya 7: lini uende kwenye YOLO na wenzake

Pale ambapo huwezi kutawala picha. Machungwa yakiwa juu ya mti, samaki mezani pale soko la Deep Sea wamelaliana kila upande, baiskeli zinazopita barabarani, hapo hakuna turubai la kutandika, na ujanja wa rangi unaishia hapo. Modeli nyingi zilizofundishwa kwa picha za COCO, mkusanyiko maarufu wa picha zilizowekewa majina ya vitu, zinajua aina 80 za vitu, chungwa limo, baiskeli imo, boti imo, kwa hiyo kuhesabu baiskeli za Tanga unaweza kuanza leoleo bila kufundisha kitu. Kwa machungwa yetu ya kijani usishangae ikiyaita tofaa, au isiyaone kabisa. Itabidi uifundishe kwa picha zako, na kazi kubwa hapo ni kuchora viboksi kuzunguka kila chungwa kwenye kila picha. CVAT na Label Studio zote ni huria kwa kazi hiyo, gawaneni picha, na kabla hamjaanza mkubaliane sheria za viboksi, kwa mfano chungwa lililofichwa nusu na jani linahesabiwa au halihesabiwi, vinginevyo kila mtu atachora lake na modeli itachanganyikiwa. Kufundisha fanyia Colab, wanakopesha GPU (chipu inayoharakisha kufundisha modeli) bure, ila hifadhi matokeo kwenye Drive kila mara, wanakata muunganisho bila kuaga.

Kwa leseni laini zaidi kuliko AGPL angalia modeli za torchvision, laibrari yenyewe ni BSD. Leseni ya uzito wa modeli (zile namba ilizojifunza) na ya picha zilizoifundisha ziangalie kivyake.

Hatua ya 8: funga matoleo

Siku skripti inapofanya kazi, siku hiyohiyo andika:

pip freeze > requirements.txt

Hizi laibrari zinabadilika. findContours kwenye OpenCV 3 ilikuwa inarudisha vitu vitatu, kwenye 4 inarudisha viwili, kwa hiyo mafunzo ya zamani yakikupa mistari yenye majina matatu upande wa kushoto yatagoma. peak_local_max nayo ilikuwa na kigezo kinaitwa indices, kikaondolewa toleo la 0.20, na bado kuna mafunzo kibao yanakitumia. Ukikwama na kosa la aina hii, kabla hujamuuliza mtu chapisha cv2.__version__ na skimage.__version__, nakili ujumbe wa kosa wote kuanzia juu sio mstari wa mwisho tu, na weka picha iliyoleta tatizo, ya asili, isiyobanwa.